Nguzo iliyooza mguu: kukarabati nyumba kongwe ya mbao Iringa na Mbeya

Nyumba kongwe ya mbao huanza kuharibika chini. Ukiona baraza imelala upande mmoja, bati limepinda na mlango haufungi tena, mara nyingi tatizo lote limekaa kwenye sentimita 30 za mwisho za nguzo mbili au tatu. Juu ya hapo mti bado mzima, na kama ni kiini cha mninga au mvule wa zamani, ni bora kuliko mbao nyingi utakazozipata sokoni leo. Fundi akikuambia "toa yote tusimamishe nguzo za zege" kabla hajachoma bisibisi kwenye kila nguzo, mtafute mwingine.

Tunazungumzia nyumba za mjini za aina mbili. Ya kwanza ina mifupa kamili ya mbao: nguzo zimesimama juu ya msingi, zimefungwa juu kwa mwamba, yaani boriti ya mlalo inayolala juu ya vichwa vyake, na nafasi kati yake imejazwa tofali za kuchoma au udongo. Ya pili ni nyumba ya duka yenye ukuta wa tofali nyuma na baraza ya nguzo za mbao mbele. Iringa ilianza kama kituo cha jeshi la Wajerumani mwaka 1896, na Mbeya ikakua baadaye, miaka ya 1920 na 1930, kwa dhahabu ya Lupa. Nyumba za umri huo zimepita mikononi mwa mafundi wengi, na kazi yako ya kwanza mara nyingi ni kuondoa walichoongeza wenzako, hasa saruji.

Kabla ya kugusa chochote, nenda halmashauri ukaulize kibali. Ukarabati unaogusa nguzo na paa si kupaka rangi. Uliza pia kama jengo limehifadhiwa chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Kama limehifadhiwa, hata kung'oa dirisha kunahitaji ruhusa ya Idara ya Mambo ya Kale, na ni vizuri kulijua hilo kabla hujanunua mbao.

Panga kazi kwa majira. Iringa mjini mvua huanza kati ya Novemba na Desemba na kwisha Aprili au mwanzoni mwa Mei, kwa hiyo Juni hadi Oktoba una nafasi. Tukuyu ni habari nyingine. Kule mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka na mara nyingi huvuka Mei, kwa hiyo ngoja Julai au Agosti. Lakini ukaguzi wa maji ufanye wakati wa mvua yenyewe, mwezi wowote. Dakika 20 za kusimama nje na mwavuli wakati mvua inanyesha zitakuonyesha gata linalomwaga vibaya, bati linalovuja na maji yanayorudi ukutani. Kiangazi hutayaona hayo.

Soma mifupa kwanza

Fuata uzito kutoka juu hadi chini: bati linakaa juu ya papi (mbao nyembamba za mlalo zinazopigiliwa bati), papi juu ya kenchi (fremu ya mbao ya paa), kenchi juu ya mwamba, mwamba juu ya nguzo, nguzo juu ya msingi. Kisha tafuta mbao za mshazari zinazofunga kona kati ya nguzo na mwamba. Hizo ndizo zinazoizuia nyumba isilale upepo ukivuma au ardhi ikitikisika, na Mbeya iko ndani ya Bonde la Ufa, mahali ambapo ardhi hutikisika kweli. Mara nyingi utakuta mshazari umekatwa ili mtu apanue mlango wa duka au apitishe bango. Weka alama ya chaki kila mahali ulipokatwa. Nyumba iliyopoteza mishazari miwili upande mmoja italala hata kama nguzo zake zote ni nzima, na kuinyoosha bila kurudisha mishazari ni kupoteza fedha.

Pima wima wa kila nguzo kwa timazi (uzi wenye uzito mwishoni) na uandike. Nguzo ya mita 3 iliyoinama sentimita 2 na haijabadilika kwa miaka mingi iache ilivyo. Iliyoinama sentimita 6 inahitaji maelezo: ama mguu umeoza ukazama, ama msingi umekaa, ama mshazari hakuna.

Ukague kwa bisibisi na nyundo

Chukua bisibisi bapa, nyundo ndogo, tochi na chaki. Gonga nguzo kila sentimita 20 kuanzia chini. Mti mzima hutoa sauti kali, uliooza au kuliwa ndani hutoa sauti bubu. Penye sauti bubu sukuma bisibisi kwa nguvu ya mkono. Ikizama milimita 2 au 3, mti ni mzima. Ikizama sentimita 2 au zaidi, hapo pameoza. Sehemu zinazooza kwanza ni chache: mguu wa nguzo, ncha za boriti zilizoingia ndani ya ukuta, mwamba ulio chini ya gata bovu, na mbao yoyote iliyofunikwa lipu ya saruji. Usikose ile ya mwisho. Lipu ikiwa na ufa mrefu ulionyooka wima, nyuma yake kuna nguzo. Ivunje hapo chini uone.

Tofautisha adui, maana dawa zake hazifanani. Kuvu wanaoozesha mti huhitaji unyevu. Mbao ikikauka chini ya asilimia 20 hawawezi kuendelea, kwa hiyo ukiondoa maji umewashinda hata bila dawa. Mchwa wa ardhini hupanda kwa vijia vya udongo. Fuata kijia hadi kinapotoka ardhini, kivunje, na utibu udongo wa hapo, kwa sababu kupulizia mbao peke yake hakuzuii kundi lililo chini. Bungua, wadudu wanaotoboa mbao, huacha vitundu vya milimita 1 au 2 na unga laini. Vitundu vitupu vya zamani visikutishe. Fagia, bandika karatasi juu yake kwa gundi, urudi baada ya wiki 6: karatasi ikitobolewa au unga mpya ukionekana chini, bungua bado wapo. Kwa kawaida hula sehemu nyeupe ya nje tu. Ichonge uitoe, na kiini kikibaki kinene cha kutosha nguzo itaendelea kubeba.

Ondoa maji kabla ya kukata mti

Katika miji yetu barabara zimeinuliwa na nyua zimejazwa kifusi mara kadhaa tangu nyumba hizi zijengwe. Nguzo iliyokuwa imesimama juu ya jiwe sasa imezikwa. Chimba pembeni ya kila nguzo hadi uone msingi wa awali, kisha shusha udongo mpaka kuwe na sentimita 15 au zaidi kati ya udongo na mti. Kama huwezi kuushusha kwa sababu ya barabara, itabidi uinue kitako cha nguzo, yaani kipande cha msingi kilicho chini yake, na hilo linafuata.

Vunja kile kizingo cha saruji ambacho fundi fulani alikimwaga kuzunguka mguu wa nguzo "kuuimarisha". Mti hupungua ukikauka, saruji haisogei, unabaki mwanya wa unene wa karatasi, maji ya mvua yanaingia na hayana pa kutokea. Nguzo inasimama ndani ya kikombe cha maji miezi mitano ya masika. Hakuna kitu kimeozesha nguzo nyingi kama hiki, na bado kinafanywa kila mwaka.

Tegemeza vizuri

Kwanza jua uzito. Chukua baraza yenye kina cha mita 2.4 na nguzo kila mita 2.5. Kila nguzo ya katikati inabeba nusu ya kina, yaani 1.2 × 2.5, mita za mraba 3. Paa la bati na mbao zake ni kama kilo 30 kwa mita ya mraba, hivyo nguzo inabeba kama kilo 90, ukiacha upepo na fundi aliye juu. Vigae vya udongo pamoja na mbao zake vinaweza kufika kilo 75 kwa mita ya mraba, hivyo nguzo ileile inabeba kilo 225. Kama juu ya baraza kuna chumba cha ghorofa, hesabu kilo 200 za watu na vitu kwa kila mita ya mraba, na uzito wa sakafu juu yake. Hapo umepita kilo 700 kabla ya paa. Kazi ya ghorofa usiifanye bila mhandisi. Ya baraza ya chini fundi makini anaiweza.

Kwa kila nguzo utakayoikata, simamisha mihimili miwili, mmoja kila upande, sentimita 40 hadi 60 kutoka kwenye nguzo. Miti ya mkaratusi ya kipenyo cha sentimita 12 inatosha kwa paa la bati. Chini ya kila mhimili weka kipande cha mbao ya inchi 2 kwa 10 chenye urefu wa sentimita 60 juu ya udongo ulioshindiliwa. Inua mwamba kwa jeki ya tani 5 hadi uone mwanga mwembamba tu, milimita 2 au 3. Kisha gongelea kabari mbili za mbao ngumu zinazokabiliana chini ya mhimili, na uondoe jeki. Jeki ya mafuta hushuka polepole ikiachwa usiku, kwa hiyo uzito ulale juu ya kabari kila mara.

Kama nyumba imezama na unataka kuirudisha juu, usizidishe milimita 5 kwa siku. Misumari ya zamani, bati na lipu vimezoea mkao wa sasa. Ukiinua sentimita 4 kwa asubuhi moja utapasua ukuta na kung'oa bati. Na ukarabati nguzo moja kwa wakati. Ukimaliza ya kwanza na ikabeba, ndipo uende ya pili.

Kuunga mguu mpya

Tuseme nguzo ni ya sentimita 12 kwa 12 na uozo unaishia sentimita 25 kutoka chini. Panda sentimita 10 ndani ya mti mzima: mstari wa chini wa kiungo uko kwenye sentimita 35. Urefu wa kiungo cha nusu kwa nusu (kila kipande kimepunguzwa nusu ya unene ili vilaliane) usipungue mara 3 ya upana wa nguzo, kwa hiyo chukua sentimita 40. Mstari wa juu utakuwa kwenye sentimita 75. Kama hesabu inakupeleka juu ya nusu ya urefu wa nguzo, badilisha nguzo nzima.

Upande wa kukata si jambo la kuchagua kwa urahisi wa mkono. Nusu ya nje ya nguzo ya zamani ndiyo ishuke hadi sentimita 35, na nusu ya ndani iondolewe hadi sentimita 75. Kwa mpangilio huu mstari wa kiungo unaopigwa na mvua uko chini, na mti wa zamani unaufunika kama kifuniko. Ukigeuza, kichwa cha mti mpya kitaangalia juu upande wa mvua na kitanyonya maji. Ule mstari wa chini wa nje ukate kwa mteremko wa kwenda nje, mshuko wa sentimita 1 katika upana wa sentimita 6, ili maji yatoke.

Kata mguu uliooza kwanza. Kisha kwenye nusu ya ndani kata kwa msumeno mistari ya kukingama kila sentimita 2, kina cha sentimita 6 kamili, kuanzia 35 hadi 75, utoe vipande kwa patasi na usafishe kwa randa. Kujaribu kupasua kutoka chini kwenda juu kwa msumeno mmoja huishia na uso uliopinda. Chonga kipande kipya kikiwa kirefu kidogo, kijaribu, punguza, kijaribu tena. Nyuso zikutane bila mwanya unaopita milimita 1. Usijaze mwanya kwa gundi na vumbi la mbao, rudi kwenye randa.

Bolti ziwe mbili za milimita 12, matundu ya milimita 13. Ziweke sentimita 10 kutoka kila ncha ya kiungo, moja sentimita 2 kushoto kwa mstari wa katikati na nyingine sentimita 2 kulia. Zikikaa kwenye mstari mmoja wa nyuzi, mti utapasuka kufuata mstari huo. Chini ya kila kichwa na nati weka washa ya mraba ya sentimita 5. Washa ndogo ya duara inazama ndani ya mti na bolti inalegea.

Kitako kipya ni zege ya 1:2:4 (saruji 1, mchanga 2, kokoto 4), sentimita 30 kwa 30, kina cha 40 chini ya ardhi na 20 juu yake, uso wa juu ukiteremka nje. Kipe siku 7, ukikimwagia maji, kabla ya kukibebesha. Ndani yake zika kiatu cha chuma chenye mashavu mawili, kinachoinua mguu wa nguzo sentimita 2 juu ya zege. Mafundi wengine huweka nondo moja inayosimama wima iingie kwenye tundu chini ya nguzo. Kwa nguzo mpya nzima inafaa, lakini kwa mguu wa kuunga huwezi kuinua kipande juu ya nondo kwa sababu mti wa zamani umeshakizuia juu. Kiatu chenye mashavu kinakuruhusu kusukuma kipande kutoka upande wa ndani, kisha kufunga bolti ya pembeni. Mwanya unaobaki chini ujaze kwa vipande vya bati nene, usijaze saruji.

Mbao ya kutumia

Tumia mti wa aina ileile na ya zamani kama unapatikana, na kiini tu, bila sehemu nyeupe. Mninga hausogei sana ukikauka na hudumu. Mvule pia. Mbao za asili zinunue kwenye duka linalotoa risiti na lenye hati za TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania), maana mzigo usio na hati unaweza kukamatwa ukiwa kwako. Misindano ya shamba la miti la Sao Hill ni nzuri kwa papi, kenchi na mishazari ya ndani ikiwa imetibiwa, lakini isiyotibiwa isikae karibu na ardhi. Mkaratusi una nguvu lakini hujipinda na kupasuka ukifungwa mbichi, kwa hiyo ubaki kwenye kutegemeza. Mbao ya kiungo ipange kivulini na vijiti kati yake kwa miezi kadhaa. Mbichi ikifungwa, kiungo kitafunguka ikikauka.

Vipande vya mbao iliyotibiwa kwa dawa ya kijani vikabidhi kwenye taka, visiende jikoni. Dawa hiyo ina aseniki, na moshi na majivu yake ni sumu. Kila ncha unayoikata upya ipakwe dawa tena, kwa sababu dawa ya kiwandani haifiki katikati ya mbao. Oil chafu hatuishauri: inazuia rangi kushika, inaingia ardhini, na ndani ya nyumba inasaidia moto.

Ukuta kati ya nguzo

Tofali za zamani na udongo ni laini na hupumua. Lipu ya saruji ni ngumu kuliko vyote viwili. Inapasuka, maji yanaingia kwenye ufa, hayatoki, na yanaelekea kwenye mti. Vunja lipu hiyo taratibu kwa patasi ndogo, usitumie nyundo kubwa, na weka ya chokaa: kipimo 1 cha chokaa kwa 3 vya mchanga msafi wenye punje kali. Loweka chokaa ya mfuko siku 3 hadi 7 kabla ya kuchanganya, ukivaa glavu na miwani, maana inachoma macho. Lowesha ukuta, piga tabaka la milimita 8 hadi 10, ngoja wiki moja, piga la pili.

Hapa Nyanda za Juu adui wa chokaa ni wawili. Upepo mkavu wa Agosti hadi Oktoba huikausha kabla haijashika, ikapata nyufa kama nywele: funika kwa magunia mabichi siku 4. Baridi ya Juni na Julai, hasa Njombe na Makete penye sakitu, huigandisha: usipige lipu jioni, na usipige kabisa usiku ukitarajiwa kushuka chini ya nyuzi 5.

Lipu iishie ukingoni mwa nguzo, na mstari mwembamba ukatwe kwa mwiko kati ya viwili. Mti utasogea, lipu haitasogea, na mstari huo unakubali ukweli huo. Kuifunika nguzo kwa waya na kupiga lipu juu yake kunarudisha tatizo ulilotoka kuliondoa.

Paa na rangi

Usibadilishe bati kuwa vigae kwa sababu tu vinapendeza. Mifupa iliyotengenezwa kwa kilo 30 haitabeba 75. Kinyume chake, paa la vigae likigeuzwa bati linakuwa jepesi, na upepo unaweza kulinyanyua: funga kila kenchi kwenye mwamba kwa mkanda wa chuma. Bati jipya liwe geji 28 badala ya 30, na msumari upite kwenye mgongo wa bati, kamwe usipite kwenye bonde linalopitisha maji.

Rangi ya zamani ya mafuta huenda ina risasi. Ilainishe kwa maji na uikwangue ikiwa imelowa. Kuichoma kwa moto au kuipiga msasa mkavu kunajaza nyumba sumu, na watoto ndio wanaoumia zaidi. Paka mpya pale tu mti umekauka. Rangi juu ya mti wenye maji inafungia maji ndani.

Bolti zikaze tena baada ya miezi 3 na baada ya mwaka, maana hata mbao kavu hupungua kidogo. Masika ya kwanza yakianza, pita na bisibisi kwenye kila kiungo. Penye mstari mweusi chini ya kiungo maji yanaingia: ongeza mteremko kwa patasi, acha pakauke, kisha paka rangi upya.